Kimo cha Jengo Letu

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, ajuaye uzito wa kila chembe na urefu wa kila kivuli bila ya uzi wala mizani, na ninamsalia Mtume wake, aliyehimizwa juu ya haki ya jirani hata akadhani kwamba jirani atatiwa miongoni mwa warithi. Kabla ya kuandika neno la pili namwomba Mola anizuie nisijitetee, maana mtu aliyekosa huwa mwepesi wa kueleza na mzito wa kujuta.

Niwapange kwanza watu wa kisa hiki kila mmoja mahali pake.

Jengo letu liko Leeds, kando ya mfereji wa zamani wa majahazi ya makaa, na lina sakafu saba. Katika sakafu ya saba alikaa Egbert Liburd, mzaliwa wa kisiwa cha Saint Kitts, dereva wa basi aliyestaafu, mtu wa mzaha kuanzia asubuhi. Katika sakafu ya tatu nilikaa mimi, niliyeingia mji huu kijana nikafanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha suti, mkataji nguo. Mlango wangu ulitazamana na wa Bi Maureen Ackroyd, mjane, aliyekuwa mpishi wa shule. Alimzika mumewe katika mwaka wetu wa kwanza pale, na tangu siku hiyo hapakupita wiki asinigongee kuniletea kitu au kuniuliza habari. Nje ya jengo, mwendo wa saa mbili na nusu, katika mji wa Whitby, alikuwapo kaka yake, Wilfred, fundi wa reli asiyeoa, akiishi peke yake katika nyumba waliyozaliwa wote wawili.

Nyumba hiyo ndiyo kiini cha maneno yangu. Ilikuwa nyembamba, ya mawe, imeegemea kilima, na ndani yake mna ngazi kali kama za mnara. Wilfred alikwisha kuwa na magoti mabovu, akataka kwenda katika makazi ya wazee, na makazi hayo hayaingiwi bure. Akamwambia dada yake: uza nyumba yako ya Leeds, unipe mimi nusu ya bei ambayo wageni wangenipa, nawe urudi kwa mama. Walisema hivyo wote wawili, “kwa mama”, ingawa mama yao alikuwa kaburini miaka ishirini. Bi Maureen alipokea maneno hayo kama mtu aliyefunguliwa mlango aliouegemea maisha yake yote. Alianza kufunga vyombo kabla hata ya kumwita dalali.

Ulikuwa mwaka wa nne tangu lile jengo refu la London kuungua na watu wake. Nchi nzima ilikuwa ikizitazama kuta. Majengo mengi ya siku hizi hayaonyeshi mwili wake. Huvikwa vibao kwa nje mithili ya joho, na baina ya joho na mwili hutiwa sponji ya kuzuia baridi. Palipoonekana kwamba vibao na sponji vinaweza kushika moto, mabenki yakaacha kuwakopesha wanunuzi mpaka mkaguzi aufungue ukuta na kuandika hati. Lakini kwa desturi ya siku zile, hati hiyo ilidaiwa zaidi kwa majengo yaliyopita mita kumi na nane. Letu lilijulikana kuwa la mita kumi na saba na nusu. Ndivyo ramani ilivyosema, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Wanunuzi wa Bi Maureen walipatikana upesi: fundi wa umeme na mkewe muuguzi, pamoja na mtoto wao wa miezi mitano. Walikuja mara mbili. Mara ya pili mtoto alimvua Bi Maureen miwani yake akakataa kuirudisha, na Bi Maureen akanieleza jambo hilo siku tatu mfululizo kana kwamba amepewa tunzo. Bei ikakubaliwa. Bao la dalali lililokuwa nje likabadilishwa, pakaandikwa kwamba imeuzwa. Bi Maureen akaoka keki ya tangawizi na asali nyeusi, ile wanayooka watu wa Yorkshire, akapanda nayo sakafu kwa sakafu kuaga.

Hapa ndipo lilipozaliwa kosa langu, nami nataka lieleweke. Nilisoma mlango wa mauziano katika fikihi nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, nimekaa juu ya mkeka mbele ya mwalimu wangu. Nilifundishwa kwamba muuzaji akishasema nimeuza na mnunuzi akasema nimenunua, kwa ridhaa, ijabu na kabuli vimetimia na mali imehama. Uingereza sikupata kununua wala kuuza nyumba. Hii ninayokaa aliinunua mwanangu, nami nilipewa ufunguo tu. Nilipoona bao na kuila keki, sikuwa na shaka moyoni kwamba Bi Maureen amekwisha kuuza. Kwamba katika nchi hii watu hupatana bei, wakapeana mikono, wakaagana na majirani, na kwa miezi kadhaa bado hapana aliyefungwa na neno lake mpaka mawakili wabadilishane karatasi, hilo sikulijua. Lilikuwa limeandikwa chini ya bao kwa herufi ndogo. Sikuzisoma.

Wiki hiyohiyo kampuni inayosimamia jengo iliniletea barua, maana nilikuwa katibu wa wakazi. Walitaka nithibitishe kimo kwa saini. Walikwisha kuijaza namba wao wenyewe, kumi na saba na nusu. Nami nina tabia ya kusoma maelezo yaliyo nyuma ya karatasi, nikakuta imeandikwa kwamba kimo hupimwa kuanzia ardhi iliyo chini kabisa upande wowote wa jengo hadi sakafu ya ghorofa ya juu. Ramani ilipima kutoka barabarani. Upande wa mfereji ardhi imeteremka.

Nikapanda kwa Egbert na uzi wa fundi na nati nzito ya chuma. Tukaiteremsha kutoka roshani yake hadi kwenye njia ya mfereji, yeye akishika juu, mimi nikishuka kutia alama.

“Shehe,” aliniita kutoka juu, bata wa mfereji wote wakisikia, “hii ni kanzu unakata au ni jengo? Ukifika kiunoni nijulishe, nivute tumbo ndani.”

Tulipima mara tatu. Ikawa mita kumi na nane na sentimita ishirini na saba.

Egbert akakuna kidevu. Akaniambia niandike kumi na saba na nusu, kama walivyoandika wenyewe, maana nani atateremka mferejini kuhesabu. Nikamwambia kwamba sikupata kuandika inchi ambayo haikuwapo kwenye kitambaa, sembuse juu ya nyumba wanamolala watu. Nilijiona mwema nilipokuwa nikisema. Nimeupima moyo wangu mara nyingi tangu siku ile, na kila mara nimeona kwamba katika ule ukweli mlikuwa na haki, na ndani ya haki ile mlikuwa na majivuno ya fundi mzee aliyefurahi kwamba mkono wake bado haujakosea.

Nikaitia barua katika sanduku la posta nikielekea msikitini kwa sala ya alasiri. Niliupita mlango wa Bi Maureen. Redio yake ilikuwa ikisema. Sikubisha.

Siku ya tisa wakaguzi walikuja na gari lenye kikapu cha kupandia. Walikata vibao mahali pane. Tuliokuwa chini tukaona sponji ya manjano imejaa humo, wala palipostahili kuwapo vizuizi vya moto baina ya ghorofa na ghorofa hapakuwa na kitu ila buibui. Mkaguzi, kijana mpole, alichukua kipande kidogo akakiwasha kwa kiberiti juu ya sinia ya bati. Kiliungua kwa haraka iliyotunyamazisha sote, hata Egbert. Hati ilitoka na daraja la mwisho kabisa, lile linalosema ukuta hauna budi kuvuliwa.

Zilikuwa zimebaki siku kumi mawakili wabadilishane karatasi za Bi Maureen. Benki ya wale vijana ikajitoa, na vijana wakajitoa pamoja nayo.

Bi Maureen alikuja kwangu na barua mkononi. Alikuwa amevaa aproni.

“Bwana Badawi, nani kawaita hawa watu?”

Nikamwambia ni mimi. Nikamweleza uzi, na maelezo ya nyuma ya karatasi, na namba.

“Ungeniambia basi.”

“Nilidhani mmeshauziana.”

Alicheka, na natamani asingalicheka. “Kuuziana? Hapa mtu anaweza kula keki yako yote na bado hajanunua kitu.” Kisha akaketi, na baada ya muda akauliza kama nitakunywa chai, kana kwamba pale palikuwa kwake. Hivyo ndivyo walivyo watu wa huku. Msiba ukiwazidi huchemsha maji.

Hatukuonana siku nne. Siku ya tano aliniambia kwamba anakwenda Whitby kumwomba kaka yake angoje, na kwamba Wilfred haamini habari ya ukuta. Miaka ishirini nyuma Bi Maureen aliahidi kwenda kumwuguza mama yao, mkuu wa shule akamnyima ruhusa, akafika siku ya mazishi. Kwa Wilfred, hili la vibao lilikuwa mkuu wa shule wa pili, udhuru mwingine tu. Nikamwambia nitakwenda naye nikashuhudie. Hakukubali wala hakukataa, ila aliniwekea kiti karibu naye katika treni.

Wilfred alitupokea jikoni. Alikuwa mrefu, ameinama, na alituandalia samaki wa kukaushwa kwa moshi na mkate wenye siagi. Alimsikiliza dada yake hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi.

“Kwa hiyo wewe ndiye mwenye uzi.”

“Ndimi.”

“Ukuta unaungua kweli?”

“Nimeuona kwa macho yangu ukiungua.”

Alikata mkate taratibu. “Basi ulifanya sawa. Mimi reli nilikuwa hivyohivyo, boliti imelegea, treni haitoki, abiria watukane watakavyo.” Akaweka kisu chini. “Ila ujue, bwana, kufanya sawa kwako ndiko kutakakonipandisha ngazi hizi mwaka mwingine mzima.”

Bi Maureen akamwambia asimwambie mgeni hivyo. Wilfred akajibu kwamba hajamtukana mtu, amehesabu ngazi tu, nazo ni thelathini na nne. Halafu akamwambia dada yake kwamba atangoja hadi mwisho wa Septemba ya mwaka unaofuata. “Baada ya hapo, dada yangu, magoti hayataniuliza mimi.”

Bi Maureen alipanda juu peke yake, akakaa huko muda mrefu. Aliposhuka alisema tu kwamba chumba cha mbele bado kinanuka sabuni ya mama. Wilfred akasema kwamba ni sabuni yake yeye, ananunua ileile.

Tukarudi Leeds, nasi tukaanza mwaka wa barua. Aliyelijenga jengo alikuwa amefilisika. Mwenye ardhi akasema si juu yake. Kampuni ikaajiri walinzi wa zamu wenye fulana za manjano wazunguke korido wakinusa moshi, ikatutoza sisi ujira wao. Niliandika kwa mbunge, kwa zimamoto, kwa wizara. Niliandika kwa bidii ya mtu anayekimbiza kitu alichokiachilia mwenyewe.

Kisha likatokea jambo lililowafurahisha majirani zangu wote, na mimi likanitia aibu nisiyoijua jina lake. Serikali ilikuwa na fungu la kuvua na kuvika kuta upya, lakini katika miaka ile fungu hilo lilikuwa kwa majengo ya kimo kilekile cha mita kumi na nane kwenda juu. Jengo la ng'ambo ya mfereji, lenye sponji ileile, halikufika, likaachwa. Letu lilipita kwa sentimita ishirini na saba. Egbert akanibeba kwa maneno mbele ya mkutano wa wakazi, akasema kwamba Shehe aliwapima watu suti wakati hawajui kwamba wako uchi. Wakapiga makofi. Bi Maureen naye alipiga makofi. Nilimwona, alikuwa kiti cha nyuma, na alipiga kama wengine, si zaidi wala si pungufu.

Ila fungu lilikwenda kwa mwendo wa karatasi. Maombi yetu yalipokelewa mwezi wa Novemba. Mwezi wa Februari Wilfred alianguka.

Alianguka kutoka ngazi ya juu, akavunjika nyonga, akalala sakafuni tangu asubuhi hadi mpeleka barua alipochungulia dirishani. Hospitali haikumruhusu kurudi katika nyumba ile. Makazi ya wazee yalitaka fedha, wala yasingengoja Septemba. Nyumba iliuzwa kwa siku arobaini, na walioinunua ni watu wa London ambao hawakukusudia kuishi humo, bali kuipangisha kwa wageni wa mapumziko, wiki kwa wiki.

Nilikwenda na Bi Maureen kuitoa mali. Kabati la vyombo la mama yao halikupita penye ngazi, na baba yao, tuliambiwa, alilijenga humohumo ndani. Wakaliachia wanunuzi. Bi Maureen alilipangusa vumbi kabla ya kutoka, rafu baada ya rafu, kwa kitambaa chenye majimaji, nami nikiwa nimeshika makoti yetu mlangoni nisijue pa kutazama.

Wilfred aliishi katika makazi yale mwaka mmoja na miezi michache. Nilimzuru mara mbili. Hakupata kunilaumu kwa neno, na mara ya mwisho aliniuliza tu kama ukuta umeshavuliwa. Nikamwambia bado. Akasema kwamba kwenye reli wangemfukuza mtu. Tulimzika Whitby katika mvua nyembamba. Nilisimama nyuma ya watu wa kanisa lao, nikamwombea kwa moyo yale ninayoruhusiwa kumwombea, na mengine nikamwachia Mola wake.

Ukuta wetu ulikamilika mwaka wa tatu. Sasa jengo limevaa vibao vya udongo wa kuchoma, vyekundu, na ndani yake sufu ya mawe isiyoungua. Hati mpya imetoka kwa daraja la kwanza. Mabenki yanakopesha. Familia nne zimeuza na kuhama. Bi Maureen anaweza kuuza leo hii akitaka. Hana pa kwenda.

Alasiri moja, baada ya hati kubandikwa ukumbini, alikaa sebuleni kwangu. Nikamwomba radhi, kama nilivyokuwa nimemwomba mara nyingine mbili. Nikamwambia kwamba sijuti kupima. Najuta kwamba niliupita mlango wake nikiwa na barua mkononi, na kubisha kulitaka hatua moja.

Alikoroga chai yake kwa muda. “Kila mwaka unaniomba radhi, na kila mwaka unakwenda kulala. Leo nikuulize mimi. Ungebisha, unajua ningekuomba nini?”

“Ningoje siku kadhaa.”

“Mpaka karatasi zibadilishwe. Ningekuomba hivyo, bila haya. Sasa niambie ukweli, wewe mwenye dini yako. Ungengoja?”

Nilitazama mikono yangu. Nilimjua mama yule miaka kumi na minane. Aliniletea supu nilipougua, na mke wangu alipofariki nchi ya mbali alikaa nami siku tatu bila ya kunisemesha. “Ningengoja,” nikasema.

“Basi yule mtoto angelala katika chumba kile.”

“Angelala.”

“Miaka mitatu, nyuma ya sponji ile. Na mimi nimekaa kwa mama, nalala vizuri.” Akatikisa kichwa. “Hapana. Nisingelala. Ningekuwa najua, kwa sababu ungekuwa umeniambia.”

Nilikuwa nimeibeba miaka yote toba yangu nikijua pa kuiweka, kwenye hatua ile moja ya mlangoni. Naye kwa maswali mawili akaniondolea hata mahali hapo, maana ningebisha ningekuwa nimeandaa kosa lililo kubwa zaidi, tukalifanya wawili.

Aliweka kikombe chini. “Nilikusamehe zamani, Bwana Badawi. Siku ileile ya samaki. Lakini nyumba ya mama bado naitaka.”

Nikamwambia najua. Akaomba biskuti nyingine, nikampa.

Ewe Mola wetu, uliyeuumba moto na ukauamuru uwe baridi na salama kwa rafiki yako, uwalinde wote waliobaki katika jengo letu, kutoka sakafu ya kwanza hata ya saba, na wale wa ng'ambo ya mfereji ambao ukuta wao haukufika kimo. Umlinde mtoto yule popote anapolala leo na wazazi wake. Umpe Bi Maureen utulivu mahali alipo, na umjaalie majirani wenye kubisha hodi. Nasi tunaopima, utuonyeshe tusichokipima. Amina.